Rubani Moon: Siku tatu ndani ya delta ya Rufiji

JIONI ya Januari 9, mwaka 1917, mtu mmoja wa Kiingereza alijikokota kutoka baharini na kufika ufukweni karibu na midomo ya Mto Rufiji. Alikuwa hajala chakula cha maana kwa siku tatu. Ndege yake ilikuwa majivu ndani ya kijito. Mwenzake, waliyekuwa naye tangu walipoondoka melini, alikuwa amefariki dunia asubuhi ya siku hiyo katikati ya mawimbi.

Mtu huyo alikuwa Edwin Rowland Moon, rubani wa tawi la anga la Jeshi la Majini la Uingereza, mwenye umri wa miaka 30. Muda mfupi baada ya kufika nchi kavu alitiwa mbaroni na askari wa Kijerumani.

Wakazi wa Salale na vijiji vingine vya delta, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, wamerithi kwa wazee wao simulizi za manowari ya Kijerumani iliyofia kwenye mikoko yao. Habari za marubani walioruka juu ya mikoko hiyo hazijulikani sana. Kati ya marubani hao, maisha ya Moon ndiyo yanayobeba sura nyingi zaidi: fundi wa boti, muasisi wa urukaji, mwanajeshi, mateka na hatimaye mhanga wa kazi aliyoipenda.

Fundi wa Southampton

Moon alizaliwa Juni 8, mwaka 1886, katika mji wa bandari wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Alikulia katika mazingira ya boti na mitambo yake, na ufundi huo ndio uliomfungulia mlango wa kuingia katika jambo jipya lililokuwa likiwashughulisha vijana wengi wa Ulaya wakati ule, yaani kuruka angani.

Ikumbukwe kwamba ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wamefanikiwa kurusha ndege yenye injini kwa mara ya kwanza Desemba 1903. Miaka michache baadaye, ndege bado ilikuwa chombo cha mbao, nyaya na kitambaa, na hapakuwa na chuo cha kumfundisha mtu namna ya kuiunda. Aliyetaka kuruka alilazimika kubuni, kuunda na kujaribu mwenyewe, huku akijua kuwa kosa dogo lingeweza kuwa la mwisho.

Moon alifanya hivyo. Karakana yake ilikuwa katika jengo la mawe liitwalo Wool House, ghala la kale lililojengwa katika Karne ya 14 kwa ajili ya kuhifadhi sufu, ambalo baadaye liliwahi kutumika kuwafungia mateka wa vita wa Kifaransa. Ndani ya kuta hizo za mateka aliunda ndege aliyoiita Moonbeam. Jina hilo lilitokana na jina la ukoo wake, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwezi. Moonbeam ni mwale wa mwezi.

Mwaka 1910, Moon alizifanyia majaribio ndege zake katika viwanja vya shamba la North Stoneham, nje kidogo ya mji. Hazikuwa safari ndefu. Hata hivyo, mahali hapo pakawa na historia kubwa. Eneo hilo la Eastleigh ndilo lililokuja kuwa Uwanja wa Ndege wa Southampton, na ndipo Machi 5, mwaka 1936, iliporuka kwa mara ya kwanza ndege ya kivita ya Spitfire, iliyojipatia sifa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, majeshi yalihitaji haraka watu waliojua kurusha ndege. Watu hao walikuwa wachache. Moon, aliyejua bahari na anga kwa pamoja, alijiunga na tawi la anga la Jeshi la Majini, na vita hiyo ikamfikisha katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kivuli cha Königsberg

Alipofika Moon, delta ya Rufiji ilikuwa tayari imeandikwa katika historia ya vita vya angani.

Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imewasili Dar es Salaam Juni 1914, miezi miwili kabla ya vita. Septemba 20 mwaka huo iliivamia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, mbele ya mji wa Zanzibar. Baadaye ikajificha ndani ya delta, katika mkondo unaopita Salale, ikizungukwa na mikoko mirefu kiasi kwamba kutoka baharini haikuwezekana kuonekana ilipo.

Waingereza walifunga milango ya delta kwa manowari zao, lakini hawakuweza kuingia. Meli zao kubwa zilihitaji kina kirefu, na delta ina mikondo inayobadilika, mafungu ya mchanga na maji yanayopanda na kushuka mara mbili kwa siku. Njia pekee ya kumwona adui ilikuwa kupita juu yake.

Rubani wa kwanza kupewa kazi hiyo alikuwa raia, Dennis Cutler, aliyechukuliwa kutoka Durban, Afrika Kusini, pamoja na ndege yake ya kutua majini. Akianzia Kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia, aliiona Königsberg Novemba 22, mwaka 1914. Desemba 10 injini ya ndege yake ilimsaliti, akalazimika kutua mtoni na kukamatwa.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya John Cull na mwenzake kutoka Canada, Harwood Arnold. Julai 11, mwaka 1915, wakiwa angani juu ya delta, walizielekeza kwa simu ya upepo meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, namna ya kulenga mizinga yao. Ndege yao ilipigwa na injini ikaharibika, lakini Arnold aliendelea kutuma maelekezo huku Cull akiishusha taratibu kuelekea mtoni. Wote wawili waliokolewa. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua Königsberg kwa mikono yao wenyewe baada ya kuona haiwezi tena kupigana.

Kilichobaki kilikuwa gofu la chuma ndani ya matope. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuburuzwa nchi kavu ili kuendeleza vita chini ya kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck.

Safari ya Januari 6

Mwanzoni mwa mwaka 1917 vita ilikuwa imerudi tena Rufiji, safari hii kwa miguu. Majeshi ya Uingereza na washirika wake, chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yalikuwa yakisukuma kutoka Mto Mgeta kuelekea kusini. Januari 4, mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa katika mapigano ya Beho Beho, eneo ambalo baadaye liliingizwa katika pori la akiba lililopewa jina lake. Wakati huohuo kikosi cha mbele kilikuwa kikivuka Rufiji huko Kibambawe.

Upande wa bahari, Waingereza walitaka kujua Wajerumani wamebaki wangapi ndani ya delta, wako wapi na wanafanya nini. Kazi hiyo ilikuwa ya ndege.

Januari 6, Moon alipaa na ndege ya kutua majini. Aliyeketi naye kama mtazamaji alikuwa Kamanda Richard Bridgeman, ofisa wa Jeshi la Majini mwenye umri wa miaka 37 na mtoto wa Lodi wa Bradford, mmoja wa makabaila wa Uingereza. Kwa cheo Bridgeman alikuwa mkubwa. Angani, hata hivyo, maisha yake yalikuwa mikononi mwa yule fundi wa boti wa Southampton.

Wakiwa juu ya delta, injini ilianza kuleta matatizo. Joto na unyevu wa pwani vilikuwa adui wa ndege za wakati ule hata kuliko risasi. Moon hakuwa na la kufanya ila kutua katika moja ya vijito vilivyo kati ya mikoko.

Walitua salama, lakini wakiwa ndani ya eneo la adui. Sheria ya vita ilikuwa wazi: ndege isiangukie mikononi mwa Wajerumani. Wakaiharibu. Kuanzia hapo hawakuwa tena watu wa anga bali wawili waliopotea, wasiokuwa na chombo, chakula wala mwenyeji.

Kati ya mikoko na maji

Anayeifahamu delta ya Rufiji anaweza kukadiria walichokabiliana nacho. Ni msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote mmoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Mizizi ya mikoko hutoka juu ya matope kama vidole vilivyoinama, ikasukana kiasi kwamba mtu hawezi kupita bila panga. Maji yakijaa, ardhi yote hutoweka. Yakipwa, hubaki tope linalomeza mguu hadi gotini. Maji hayo ni ya chumvi au nusu chumvi, na ndani yake wamo mamba na viboko.

Kwa mwenyeji, mambo hayo yana utaratibu. Mvuvi hujua kijito kipi kinatokea wapi, maji yatageuka saa ngapi na kisima cha maji baridi kiko kitongoji gani. Mzaliwa wa hapo haendi kinyume cha mkondo, husubiri umbebe. Moon na Bridgeman hawakuwa na elimu hiyo.

Kwa kuwa kingo za vijito hazikupitika, walilazimika kuogelea kutoka upande mmoja hadi mwingine, tena na tena. Moon aliyamudu maji. Bridgeman hakuwa mwogeleaji hodari, na kila kijito walichovuka kilimpunguzia nguvu.

Wangeweza kujisalimisha. Kituo cha Wajerumani kisingekosekana kama wangepiga kelele au kuwasha moto, na huko wangepata angalau maji na chakula. Lakini waliona kuwa wajibu wao ni kurudi melini na habari walizoziona. Uamuzi huo ndio uliokuja kugharimu maisha ya mmoja wao.

Katika kuhangaika huko walikuta vibanda vilivyohamwa. Walipekua wakitafuta chakula, wasipate kitu. Vibanda hivyo vitupu vinaeleza upande mwingine wa vita hii ambao haukuandikwa kwenye ripoti za wanajeshi. Kwa zaidi ya miaka miwili wakazi wa delta walikuwa wameishi kati ya majeshi mawili ya wageni. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo na mizinga, mpunga ukachukuliwa kulisha askari, na mizinga ya manowari ikapiga bila kuchagua kati ya adui na mkulima. Waliohama hawakuacha chakula nyuma kwa sababu hawakuwa nacho cha kuacha.

Chelezo cha dirisha

Walichokipata kilikuwa fremu ya dirisha. Wakaifanya chelezo.

Fikra yao ilikuwa nyepesi na yenye mantiki. Kwa kuwa miguu haikuweza kuwafikisha baharini, maji yangewafikisha. Nje ya midomo ya Rufiji manowari za Kiingereza zilikuwa zikipita, na huenda moja ingewaona. Januari 8 walijiachia kwenye mkondo, wakishikilia fremu hiyo, na siku nzima ikapita wakielea.

Usiku huo mwezi ulikuwa mpevu. Kwa watu wa pwani hilo lina maana moja: bamvua. Ni siku ambazo maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, na mkondo unaotoka mtoni huwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mvuvi wa Salale asingethubutu kuingia mdomoni mwa mto usiku wa bamvua akiwa na kitu kisicho na kasia wala tanga. Rubani mwenye jina la mwezi na kamanda wake walibebwa moja kwa moja hadi bahari kuu.

Bahari haikuwa na huruma. Fremu ya dirisha haiwezi kumwinua mtu juu ya maji. Humsaidia tu asizame. Usiku kucha walikuwa ndani ya maji, wakipigwa na mawimbi, miili ikiwa haina akiba yoyote ya nguvu baada ya siku tatu za njaa na kiu.

Moon alifanya kila aliloweza kumnusuru mwenzake. Kumshikilia mtu aliyeishiwa nguvu baharini ni kazi inayoweza kuwaangamiza wote wawili, na yeye alikuwa amechoka vilevile. Hakumwacha. Lakini asubuhi ya Januari 9 Bridgeman alikata roho kwa uchovu na kuzidiwa na maji na jua.

Tangu saa hiyo hadi alasiri Moon alikuwa peke yake baharini. Jua lilipokuwa linaelekea kuchwa ndipo alipoweza kufika ufukweni, na Wajerumani wakamkuta hapo.

Miezi kumi ya utekwa

Mwaka ule mvua zilinyesha kwa wingi usio wa kawaida. Rufiji ilifurika na mabonde yake yakageuka ziwa. Wajerumani, wakiwa na chakula kidogo na dawa chache, walirudi nyuma kuelekea kusini mwa nchi, katika maeneo ya Kilwa na Lindi, ambako mwezi Oktoba yalitokea mapigano makali ya Mahiwa.

Maisha ya mateka hayakuweza kuwa bora kuliko ya waliomteka. Malaria na kuhara viliua askari wa pande zote, na viliwaua zaidi wapagazi, Waafrika waliobeba vita hiyo vichwani mwao, ambao vifo vyao vilifikia makumi ya maelfu.

Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alilazimika kupunguza jeshi lake ili aweze kuvuka Mto Ruvuma na kuingia eneo la Wareno, Msumbiji ya leo. Aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na mateka. Novemba 21 Moon alikuwa huru, baada ya utekwa wa zaidi ya miezi kumi.

Mwaka 1918 alitunukiwa nishani ya DSO, mojawapo ya nishani za juu za maofisa wa Uingereza. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakupewa kwa kuzamisha meli wala kuua adui. Alipewa kwa zile siku tatu za delta, na hasa kwa jitihada zake za kumwokoa Bridgeman. Safari yenyewe ilikuwa imeshindwa: ndege ilipotea, habari hazikufika, kamanda alikufa na rubani alitekwa.

Mwisho majini

Aprili 1, mwaka 1918, tawi la anga la Jeshi la Majini liliunganishwa na lile la nchi kavu na kuunda Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Vita vilipokwisha Novemba mwaka huo, marubani wengi walirudi uraiani. Moon alibaki jeshini na kupanda cheo hadi kuwa Skwadroni Lida, akifanya kazi katika kituo cha ndege za majini cha Felixstowe, mashariki mwa Uingereza.

Aprili 29, mwaka 1920, alikuwa ndani ya ndege kubwa ya kutua majini katika mazoezi. Ndege hiyo ilianguka na Moon akapoteza maisha. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alizikwa Southampton, katika mji uleule alikoundia Moonbeam yake ya kwanza.

Maji aliyoyaponyoka Rufiji yalimpata miaka mitatu baadaye nyumbani kwao, wakati wa amani, na siyo kwa risasi. Kwa marubani wa kizazi chake hilo halikuwa jambo la ajabu. Injini iliyozimika juu ya mikoko mwaka 1917 na ndege iliyoanguka Felixstowe mwaka 1920 zilitokana na hali moja: watu walikuwa wamejua kuruka kabla ya kujua kuruka kwa usalama.

Jina la Moon limehifadhiwa katika kumbukumbu za kijeshi na za mji wake. Bridgeman naye ameandikwa katika historia ya ukoo wake. Katikati ya Jiji la Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 imesimama kwa ajili ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita hiyo, bila kutaja hata mmoja kwa jina.

Gofu la Königsberg nalo lilibaki likionekana kwa miaka mingi baada ya vita, likipungua kidogo kidogo kwa kutu, wakata vyuma na matope. Mikoko imeota upya pale ndege zilipoanguka. Wavuvi wa Salale bado hupita katika vijito hivyo, wakisubiri maji yageuke kabla ya kuelekea baharini. Wenye vibanda vile ambavyo marubani wawili walivipekua wakitafuta chakula, na ambao dirisha la mmoja wao huenda ndilo lililomfikisha Moon ufukweni akiwa hai, hawakuandikwa popote.